Sonona baada ya kujifungua: sertralini, zuranoloni, au ile dripu ya saa 60?

Habari za kidonge cha Marekani kinachotibu sonona ya uzazi kwa siku 14 zimeshafika mpaka kwenye simu za wazazi wa Ngamiani, na swali linaloulizwa ni moja: je, kinazizidi dawa tulizozizoea? Tuanze na jibu. Kwa mzazi wa Tanga anayenyonyesha, dawa ya kuanzia ni sertralini pamoja na ushauri nasaha. Zuranoloni, ndilo jina la kidonge hicho, inaishinda sertralini kwa jambo moja tu, kasi. Kasi hiyo ina masharti ya chakula, usingizi na fedha, na nyumba nyingi haziyawezi. Dripu iliyoitangulia imeshaachwa na watengenezaji wenyewe.

Kabla ya dawa yoyote

Machozi yanayomjia mzazi siku ya tatu mpaka ya tano, akicheka na kulia ndani ya saa moja, kwa kawaida hupita yenyewe kabla ya wiki mbili. Hayo hayatibiwi kwa kidonge. Sonona ni ile inayovuka wiki mbili: hamu ya chakula imekufa, usingizi hauji hata mtoto akilala, mtoto anamwona kama wa jirani, na kichwani mna sauti ya kujilaumu isiyonyamaza. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, WHO, katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 katika kila 100 huipata baada ya kujifungua. Kwa hiyo katika benchi la kliniki ya watoto lenye akina mama kumi, hesabu inatarajia wawili.

Kipimo kinachotumika sana ni cha Edinburgh, kilichotoka mwaka 1987. Kina maswali 10 kuhusu siku saba zilizopita, na jumla ya alama ni 0 hadi 30. Mwenye 13 au zaidi anahitaji kuonwa na daktari. Swali la 10 linahusu mawazo ya kujidhuru, na hilo halisubiri jumla: jibu lolote lisilokuwa “hapana kabisa” lishughulikiwe siku hiyohiyo.

Mambo matatu yaulizwe kabla ya kuandikiwa dawa, maana yakirukwa tiba nzima hupinda. La kwanza ni damu na tezi ya shingo. Mzazi aliyepoteza damu nyingi, au ambaye tezi yake imelegea baada ya uzazi, huchoka na kunyong'onyea vilevile kama mwenye sonona, na hakuna dawa ya sonona itakayompandishia himoglobini. La pili, kama aliwahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi: halali siku kadhaa na hachoki, anaongea bila kituo, anatapanya fedha. Mtu huyo akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kupandwa na wazimu wa furaha. La tatu ni kichaa cha uzazi chenyewe, kinachompata mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Anasikia sauti, anaamini mtoto amebadilishwa, anachanganyikiwa na saa na siku. Hiyo ni dharura. Asiachwe peke yake na mtoto, apelekwe hospitali usiku huohuo. Dawa zinazolinganishwa hapa si zake.

Watakaosema ana jini hawatakosekana. Kombe na kidonge havigombani. Mwenye imani yake anywe kombe na dawa ameze. Kinachogombana na kidonge ni dawa za kuchemsha ambazo hakuna ajuaye zina nini. Zitajwe mbele ya daktari, hata kwa aibu.

Dripu: breksanoloni

Tuipite haraka, ila tusiiruke, kwa kuwa ndiyo iliyofungua njia. Wakati wa ujauzito homoni ya projesteroni huwa juu sana, na mwili huitumia kutengeneza kitu kiitwacho alopregnanoloni, kinachotuliza ubongo kupitia mfumo wa GABA, kemikali ya ubongo inayopunguza msisimko. Kondo likitoka, vyote viwili huporomoka kwa siku chache. Wanasayansi wakaona: kama mporomoko huo ndio unaowaangusha baadhi ya wazazi, basi kirudishwe kitu chenyewe. Breksanoloni ni alopregnanoloni iliyotengenezwa maabara. Iliidhinishwa Marekani mwezi Machi 2019, ikiwa dawa ya kwanza iliyoidhinishwa huko mahsusi kwa sonona ya uzazi.

Ilitolewa kwa mshipa saa 60 mfululizo, siku mbili na nusu. Kipimo kilipandishwa kwa hatua kufuata uzito wa mgonjwa, kisha kikashushwa. Baadhi ya wagonjwa walizimika ghafla wakiwa kwenye dripu, kwa hiyo ilibidi mama avishwe kidoleni kifaa cha kupima oksijeni muda wote, na asikae na mtoto bila mtu mwingine pembeni. Dawa peke yake iligharimu karibu dola 34,000, kitanda cha hospitali bado. Mwisho wa mwaka 2024 ikaondolewa sokoni. Ukikuta mtu anaitangaza leo kama tiba mpya, anasoma habari za juzi.

Kidonge cha siku 14: zuranoloni

Hii ni ndugu wa dripu, imebadilishwa ili imezwe. Iliidhinishwa Marekani Agosti 2023, na huko huuzwa kwa jina la Zurzuvae. Kipimo ni miligramu 50, yaani vidonge viwili vya 25, mara moja kila jioni kwa siku 14, kisha basi. Haikujaribiwa kwa zaidi ya hapo, kwa hiyo “niongezee wiki moja” si ombi ambalo daktari ana msingi wa kulikubali.

Katika jaribio lililochukua wanawake wapatao 200 wenye sonona kali, unafuu ulianza kuonekana siku ya tatu. Siku ya 15, waliomeza dawa walikuwa wameshuka alama 15.6 kwenye kipimo cha ukali wa sonona. Waliomeza kidonge kisicho na dawa ndani yake walishuka 11.6. Soma namba hizo mbili pamoja. Dawa inafanya kazi, na inawahi. Lakini hata wasiopewa dawa, kwa kuonwa, kuulizwa na kufuatiliwa, walipata sehemu kubwa ya nafuu. Pengo ni alama nne. Tena jaribio liliilinganisha na kidonge kitupu, halikuilinganisha na sertralini, kwa hiyo anayesema zuranoloni ina nguvu kuliko sertralini anatoa jibu la mechi ambayo haikuchezwa.

Sasa masharti. Lazima imezwe na chakula chenye mafuta: kalori 400 hadi 1,000, na robo mpaka nusu ya kalori hizo zitokane na mafuta. Ikimezwa na tumbo tupu, kiasi kinachoingia mwilini hupungua karibu nusu, na hapo ndipo mzazi wa pwani anapoweza kujikwaa. Uji wa pilipili manga wanaompa mzazi, hata awe bakuli mbili zenye sukari, mafuta yake ni kidogo mno. Sahani ya wali wa nazi wa tui la kwanza na kipande cha changu wa kukaanga inatosha. Chapati mbili na mayai ya kukaanga zinatosha. Ugali na mchicha uliotiwa kijiko kimoja cha mafuta sufuria nzima, hapana. Ramadhani si kikwazo: mwenye nifasi hafungi, na anayefunga baadaye atameza na chakula chake cha usiku.

La pili ni usingizi. Ilani kubwa iliyo juu ya maelezo ya dawa hii inakataza kuendesha chombo au kufanya kazi ya hatari kwa saa 12 baada ya kila dozi, na inaongeza jambo ambalo watu hulipuuza: aliyeimeza anaweza asitambue kuwa amelewa usingizi. Chukua mfano wa mzazi wa Makorora anayekaanga maandazi ya kuuza. Akimeza saa 2 usiku, saa 10 alfajiri anapoinama juu ya karai la mafuta ya moto bado ana saa nne za hatari mbele yake. Kwa wiki mbili maandazi yakaangwe na mwingine, au yasikaangwe. Bodaboda, pikipiki yake mwenyewe, kuchota maji kisimani gizani: vyote mpaka saa 2 asubuhi ipite.

Kisha mtoto. Nyumba nyingi mtoto hulala kitanda kimoja na mama. Mama aliyemeza zuranoloni asilale na mtoto kitandani, kwani anaweza kumlalia asijue. Kama arobaini haijaisha na bibi yupo, mambo ni mepesi: bibi alale chumba kilekile, yeye ndiye aamke mtoto akilia. Arobaini ikiisha na bibi akarudi kwake Pangani, mume yuko baharini au safarini, dawa hii nyumbani humo haifai, hata ingetolewa bure.

Mengine kwa ufupi. Kizunguzungu, uchovu na kuharisha hutokea. Usingizi ukizidi, daktari hushusha kipimo hadi miligramu 40. Mwenye figo dhaifu kwa kiwango cha kati au zaidi, au ini lililoharibika sana, huanza na 30. Anayekunywa rifampisini ya kifua kikuu, au efavirenzi ya VVU, au dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, asiitumie, maana hizo huivunja mwilini kabla haijafanya kazi. Dolutegraviri, nayo ya VVU, haina tatizo hilo. Klarithromisini, dawa ya kuua bakteria, na lopinaviri ya VVU iliyochanganywa na ritonaviri hufanya kinyume, huipandisha, hivyo kipimo hushushwa hadi 30. Pombe na dawa nyingine za usingizi ziwekwe mbali. Dozi iliyosahaulika huachwa, haimezwi mbili kesho yake. Tena inaweza kudhuru mimba, kwa hiyo kitanzi, kijiti au sindano viwe vimeshaanza kazi, na viendelee angalau wiki moja baada ya dozi ya mwisho.

Sertralini, na jamaa zake

Sertralini haina habari ya kusisimua, na hiyo ni moja ya sifa zake. Imetumika kwa miongo, na inauzwa kama dawa isiyo na jina la kampuni. Kipimo cha kawaida huanza na miligramu 25 kwa wiki moja (nusu ya kidonge cha 50, kikatwe kwenye mstari), kisha 50 kwa siku. Asubuhi au jioni ni sawa, ilimradi saa ileile. Wiki ya nne bila mabadiliko ya maana, daktari hupandisha. Ukomo ni 200.

Kinachoharibu tiba hii zaidi ya chochote ni wiki mbili za kwanza. Kichefuchefu, tumbo kulegea, kichwa kuuma na usingizi wa mang'amung'amu huja siku ya pili, ya tatu. Nafuu ya moyo huja wiki ya pili mpaka ya nne, pengine ya sita. Yaani mama analipa kwanza, mzigo unafika baadaye. Wengi huacha hapo, wakisema dawa imewakataa. Amezee na chakula, aambiwe mapema kwamba kichefuchefu hupungua baada ya siku 7 hadi 10, na mtu wa kliniki ampigie simu mwisho wa wiki ya kwanza. Simu hiyo moja huokoa tiba nyingi.

Kosa la pili ni kuacha akipona. Mwezi wa tatu yuko sawa, anaona kidonge cha nini tena. Dawa iendelee angalau miezi sita baada ya kupona. Mwongozo wa WHO unasema miezi 9 hadi 12. Kuachishwa kufanyike kwa kushusha kidogokidogo, wiki nne au zaidi. Akikata ghafla hupata kizunguzungu na mishtuko kama ya umeme kichwani, kisha akaamini dawa ilikuwa imemfanya mtumwa. Siyo.

La tatu ni dawa za maumivu. Aliyejifungua kwa upasuaji hutoka na diklofenaki au ibuprofeni. Zikichanganywa na sertralini, hatari ya kutokwa damu tumboni huongezeka. Parasetamoli ni salama zaidi. Tramadoli nayo isichanganywe bila daktari kujua, kwani mbili hizo zikikutana zinaweza kuleta kutetemeka, joto na kuchanganyikiwa.

Fluoksetini ni ya kundi lilelile, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Tatizo lake ni kukaa: mabaki yake hubaki mwilini siku nyingi, na huingia kwenye maziwa zaidi ya sertralini. Kwa anayenyonyesha kichanga, si chaguo la kwanza. Lakini mama ambaye zamani ilimtibu vizuri hana sababu ya kubadilishwa kwa nguvu.

Amitriptilini ni ya zamani zaidi, nayo pia imo kwenye orodha hiyo ya WHO. Huanzwa na miligramu 25 usiku na hupandishwa taratibu. Inamfaa asiyelala na mwenye maumivu, ingawa hukausha kinywa na kufunga choo. Ubaya wake mkubwa: ikimezwa nyingi kwa mpigo, moyo husimama. Mama mwenye mawazo ya kujiua asipewe zaidi ya dozi ya wiki moja, na pakiti ikae kwa mama mkwe au wifi. Isikae kwenye kabati lake.

Maziwa ya mama

Hapa sertralini haina mpinzani. Kiasi kinachomfikia mtoto kwa kawaida hakizidi asilimia 3 ya kipimo cha mama kikilinganishwa kwa uzito, na mara nyingi kiko chini ya hapo. Mtoto aangaliwe tu kama analala kupita kawaida, ananyonya kivivu au analialia bila sababu. Aliyezaliwa njiti aangaliwe zaidi. Hakuna haja ya kukamua na kumwaga.

Zuranoloni nayo hupita kidogo, chini ya asilimia 1 katika vipimo vilivyofanyika, lakini vipimo hivyo ni vya wanawake wachache, na kwenye majaribio makubwa akina mama hawakunyonyesha wakati wa dawa mpaka siku 7 baada yake. Ukijumlisha ni siku 21 bila titi. Kwa aliye na fedha za kopo, maji ya kuchemsha na mtu wa kuosha chupa, inawezekana. Kwa wengine ni kumtoa mtoto kwenye chakula salama na kumpeleka kwenye kuharisha. Mwenye kutaka kunyonyesha huku akiitumia azungumze na daktari, jambo hilo halijafungwa kabisa.

Fedha

Kozi ya siku 14 ya zuranoloni ilitangazwa Marekani kwa dola 15,900. Kwa kukadiria dola kwa shilingi 2,500, ni karibu shilingi milioni 40, bei ya kiwanja cha maana. Sertralini na fluoksetini zisizo na jina la kampuni haziko hata kwenye mtaa mmoja na bei hiyo. Gharama yao hasa ni ya kurudi kliniki, nauli ya daladala kutoka Pongwe au basi la kutoka Pangani, mwezi baada ya mwezi. Anayeuziwa “kidonge cha wiki mbili” kwa bei poa kupitia mtandaoni amwulize mfamasia kama kimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Kama hakimo, anachonunua hakijulikani ni nini.

Wengine huulizia ketamini, dawa ya kulaza wagonjwa, kwa kuwa iko kwenye vyumba vya upasuaji. Utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2024 ulitoa dozi moja ndogo ya esketamini, aina ya ketamini, mara tu baada ya kujifungua kwa wanawake waliokuwa na dalili tangu ujauzito, na waliopata sonona siku ya 42 wakawa wachache zaidi. Inatia moyo. Lakini hiyo ilikuwa kuzuia, ndani ya hospitali, si kumtibu mzazi wa mwezi wa nne aliye nyumbani.

Nani achukue nini

Sonona nyepesi, mama anaamka, anakula kidogo, hana mawazo ya kufa: aanze na mazungumzo kabla ya kidonge chochote. Mpango ambao baadaye WHO iliuchukua, uliojaribiwa vijijini Pakistani, matokeo yakachapishwa mwaka 2008, ulitumia wahudumu wa afya wa kawaida waliofundishwa kuzungumza na wazazi majumbani, na uliwapunguzia sonona pasipo dawa. Hicho kinawezekana Muheza kama kinavyowezekana Rawalpindi.

Ya kati na kali, ananyonyesha: sertralini na mazungumzo. Aliyewahi kupona kwa dawa fulani, arudishiwe ileile.

Kali sana, hali wala halali, wiki nne za kusubiri zinatisha, hanyonyeshi, fedha ipo, na usiku kuna mtu mzima wa kumlea mtoto: hapo zuranoloni ina hoja, na inaweza kutolewa pamoja na sertralini ili sertralini ishike zuranoloni inapoisha. Anayekosa sharti lolote kati ya hayo halazimiki kusubiri bila msaada, alazwe. Kitengo cha afya ya akili cha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ndicho cha kuanzia kwa aliye mjini, na kwa upande wa milimani kuna Lutindi, Korogwe.

Siku ya kwenda, beba kadi ya kliniki ya mtoto, pakiti za dawa zote anazotumia hata za kienyeji, na nambari ya simu ya atakayelala na mama usiku. Mtu huyo ndiye aingie naye chumbani kwa daktari, kwa kuwa maelekezo ya usiku yatamhusu yeye.